Sura ya Saba: Redio ya Saa Sita

"Kitendawili," alisema Rita Mwaura, akiwa amepiga magoti kwenye zulia la mlangoni.

Mchungaji Évariste alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Yeye alikuwa ameita mpelelezi.

"Tega," alijibu mwishowe, maana adabu ni adabu.

"Nyumba ina watu wanne, wanaosikika ni watatu."

"Mama Rita, siku zenyewe zimebaki sita..."

"Nipe mji, basi."

"Chukua Bukavu."

"Nimekwenda Bukavu, nikakaribishwa, nikala dagaa wa sambaza, nikarudi. Jibu lake ni nyumba hii." Rita alisimama akajipangusa magoti. "Haya. Mnasema kuna aliyewachongea kwa polisi. Aliyechongea sharti alijua kwamba yupo mtu wa nne. Sasa nionyesheni huyo wa nne alikuwa anajulikanaje."

Rita alikuwa askari mpelelezi miaka kumi na moja kituo cha Voi kabla ya kumfuata mume wake Sweden. Siku hizi alikuwa analinda duka kubwa katikati ya Stockholm, amevaa kama mteja, akiwakamata watu wanaoficha chupa za manukato kwenye mikono ya makoti. Jumatano ilikuwa siku yake ya mapumziko, na ndiyo maana alikuwa Jordbro, ghorofa ya kwanza, nyumbani kwa Madeleine, mfagiaji wa ofisi, mjane mwenye watoto wawili.

Wa nne aliitwa Asifiwe. Ombi lake la hifadhi lilikuwa limekataliwa kwa mara ya mwisho miaka minne iliyopita, kasoro siku sita. Amri ya kumwondosha nchini ina umri wake: ikitimiza miaka minne bila kutekelezwa, inakufa, na mtu anaruhusiwa kuomba upya. Amri ya Asifiwe ilikuwa inakufa Jumanne ijayo usiku. Akikamatwa Jumanne mchana, anapandishwa ndege. Akiamka Jumatano akiwa bado yupo Sweden, anaingia ofisini kwa miguu yake mwenyewe, na safari hii ana ushahidi mkononi.

Na sasa hakuna aliyejua alipo. Jumapili, katikati ya maombi, wenye sare waligonga mlango. Asifiwe akaruka kutoka kwenye roshani, na tangu hapo hakuna aliyemwona wala kumsikia.

"Ni Emery," alisema Madeleine. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono kiunoni. "Mama Rita, nani asiyejua? Alienda kwa redio akasema sheria ifuate njia yake. Redio! Mukongomani mwenzetu!"

Majira yale ya baridi watu walikuwa hawana habari nyingine. Polisi walisimama kwenye vituo vya treni wakiuliza watu karatasi, kwa sheria ya kuwaondoa wageni wasio na kibali. Wengine walisema sheria isiyotumika haina maana kuandikwa. Wengine walisema askari wanauliza rangi ya ngozi. Walibishana magazetini, walibishana kwenye foleni ya mkate. Kesho yake, Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kulikuwa na mjadala wa wazi kwenye ukumbi wa watu Tumba, na Emery angekaa jukwaani upande wa wanaoiunga mkono sheria hiyo.

"Jumapili tunamusimamisha mbele ya kanisa," alisema mchungaji. "Nataka uniambie kwanza kama ni yeye. Mimi siwezi kumuhukumu mutu kwa maneno ya barazani."

"Vizuri," alisema Rita. "Mama Madeleine, nionyeshe ulivyochungulia."

Madeleine aliweka jicho kwenye tundu la mlango. "Wawili. Sare nyeusi, redio kwa bega, tochi."

"Sare iliandikwa nini?"

"Mama, saa ile nani anasoma?"

"Walisema nini?"

"Waligonga. Wakaita. Wakagonga tena. Kisha..." Madeleine alitoa jicho kwenye tundu la mlango. "Kisha wakaenda."

Rita aliandika kwenye daftari lake, akapiga mstari chini ya lile 'kisha' la pili.

"Polisi wamekuja kumkamata mtu. Taa zinawaka, ndani kuna watu kumi na wawili wanaimba. Wanagonga mara mbili, wanakwenda zao?" Alitikisa kichwa. "Mimi nimevunja milango kwa sababu ndogo kuliko hiyo."

Alitoka kwenye roshani. Chini, kwenye rundo la theluji lililosukumwa na trekta, palikuwa na mashimo mawili ya miguu na alama moja ya kiganja. Hakuna alama ya soli ya buti. Buti za Asifiwe, namba thelathini na saba, zilikuwa bado mlangoni. Simu yake ilikuwa bado kwenye chaji jikoni. Rita alitia buti kwenye mfuko wa plastiki.

Ndipo sakafu ikaanza kuongea. Redio ya jirani wa chini ilifunguliwa kwa nguvu hata vikombe vikatetemeka kabatini. Mtangazaji alikuwa anauliza wasikilizaji maoni yao kuhusu ukaguzi wa treni.

"Ule mubibi!" Madeleine alipiga kisigino chini. "Kila siku saa sita kamili, dakika kumi, kisha anafunga. Vraiment, kweli kabisa! Na sisi tukiimba kidogo tu, anagonga dari na fimbo."

Rita aliangalia saa. Ilikuwa saa sita kamili. Akaandika na hilo, akarudi sebuleni.

Viti kumi na viwili vilikuwa bado vimepangwa mduara. Katikati palikuwa na meza ndogo yenye kitambaa cheupe, na juu yake Biblia kubwa iliyokataa kufungika vizuri. Penye Zaburi palikuwa pametuna. Pembe ya bahasha ilichungulia, ile aina yenye kidirisha cha plastiki.

"Hii ni nini?"

Madeleine alimtazama mchungaji. Mchungaji akatazama soksi zake.

"Barua yao," alisema Madeleine. "Waliisukuma kwa tundu la barua."

"Inasema nini?"

"Hatukuifungua."

"Tangu Jumapili?"

"Mama Rita, barua ya vile ukiifungua umeipokea. Inaombewa kwanza. Tulifanya vile Kalemie. Tulifanya vile kambini Nyarugusu. Ile ya kutupatia makaratasi tuliiombea siku saba, ikafunguka vizuri. Hii tumeiwekea mikono wanawake kumi na wawili. Tulikuwa tunaifungua Jumapili."

Rita hakucheka. Aliwahi kuona kwenye ofisi ya uhamiaji watu wazima wakifungua bahasha kama hizo huku wamefumba macho.

"Mchungaji, tuombe sasa, kwa kifupi."

Mchungaji aliomba kwa kifupi, yaani dakika nne. Waliposema amina Rita alichomoa pini ya nywele, akapasua bahasha kwa utaratibu, akaisoma kimya kwa Kiswidi. Akairudia. Kisha akaisoma kwa Kiswahili.

"'Jumapili saa mbili na dakika arobaini usiku tulifika kwenu kutokana na malalamiko ya kelele. Hakuna aliyefungua. Tunawaomba muwajali majirani zenu.' Imetoka kwa walinzi wa kampuni ya nyumba. Hii hapa nembo yao, nyumba na mti."

Redio ya chini ilizimwa.

"Hawakuwa polisi?" aliuliza mchungaji.

"Walikuwa walinzi wa kelele."

Madeleine alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. "Tuliomba polisi wasikuje..."

"Mkaomba kwa sauti," alisema Rita.

Mchungaji alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, na Madeleine hakujua kama analia au anacheka mpaka naye mwenyewe akaanza kufanya vyote viwili.

"Kwa hiyo hakuna aliyechongea," alisema mchungaji alipopata sauti. "Emery... Mungu anisamehe."

"Hakuna aliyechongea. Ila Asifiwe hajui. Yeye anaamini polisi wameijua nyumba. Mtu anayeamini hivyo hatulii, anakimbia. Na njia zote za kukimbilia zinapita vituoni, ambako polisi wa kweli wanasimama. Sharti nimfikie kabla hajapanda chochote."

"Ukimupata, niambie pale aliko."

"Polisi wakikuuliza utasemaje?"

"Mimi siwezi kusema uongo, Mama Rita. Unanijua."

"Nakujua," alisema Rita, akachukua mfuko wa buti.

*

Jirani wa chini aliitwa Gunvor, na alikuwa mrefu hata akiwa na miaka themanini na moja. Rita alivua viatu mlangoni. Kabla hajaeleza shida yake kahawa ilikuwa mezani.

"Wewe ndiye uliyelalamika Jumapili?"

"Ni mimi," alisema Gunvor bila kujificha. "Wanaimba vizuri. Lakini ilikuwa jioni ya tatu mfululizo, na mimi nalala mapema. Nilidhani watawapigia simu tu." Aliacha kumimina. "Walikwenda na sare?"

"Na tochi."

"Na binti alikuwepo?"

Rita alishusha kikombe. "Binti gani?"

"Usinifanye mtoto. Yule anayetembea na soksi."

Rita alifungua daftari lake. "Umemjua tangu lini?"

"Miaka miwili, ikifika Aprili. Mama wa juu anaondoka alfajiri. Watoto wanaondoka kabla ya saa mbili. Nyumba inabaki tupu, lakini nyumba tupu inatembea. Polepole, na soksi. Kwanza nilisema ni mgeni. Kisha nikagundua jambo moja likanitoa usingizi." Gunvor aliinama mbele. "Havuti maji ya choo. Mchana kutwa. Mabomba ya jengo hili yanasikika mpaka kwa jirani wa tatu, naye alilijua hilo. Anangoja mpaka watoto warudi saa tisa. Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini na sita. Najua mwili wa mtu unaweza nini na hauwezi nini."

"Ukafanyaje?"

"Nikanunua redio kubwa."

"Redio ya nini?"

"Saa sita kamili naifungulia mpaka mwisho, dakika kumi. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Wiki ya pili, Jumanne, nikasikia maji." Gunvor alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hatujawahi kuonana uso kwa uso. Lakini saa sita tulikuwa tunaonana. Sipendi kabisa vile vipindi vya mabishano, ila ndivyo vinavyopiga kelele zaidi."

Rita aliinuka, akaenda mpaka pembeni ya jiko ambako bomba lililopakwa rangi nyeupe lilitoka darini likaingia sakafuni. Aliliwekea kiganja. Lilikuwa la baridi. Alikaa hivyo kitambo, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeingia jengo la ibada la dini nyingine.

"Leo pia umeifungulia," alisema.

"Leo pia. Maji hayajasikika tangu Jumatatu."

"Jumapili ulimwona akitoka?"

"Dirisha hili hapa. Alikuwa na ndara na taulo kichwani. Alikimbia mpaka kituo cha basi. Gari dogo jeupe likasimama, dereva amevaa kizibao cha njano cha kung'aa. Akaingia nyuma." Gunvor alivuta gazeti lenye fumbo la maneno. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na herufi tatu na tarakimu tatu. "Niliandika nambari. Kisha nikajiambia sitampa mtu yeyote."

"Mbona unanipa mimi?"

"Umevua viatu bila kuambiwa. Hakuna polisi anayevua."

*

Sweden huandika kila kitu, na aliyeandikwa hupatikana. Rita alituma nambari ile kwa ujumbe wa simu kwenye usajili wa magari, na jibu likamkuta bado hajamaliza kuvuka uwanja wa maegesho. Alilisoma mara mbili. Gari lilikuwa la Emery.

Kutoka pale mpaka eneo la viwanda la Jordbro, alikofanya kazi, ni mwendo wa dakika ishirini. Emery alikuwa kwenye chumba cha mapumziko cha ghala, anakula wali na samaki kutoka kwenye kopo la plastiki, kizibao cha njano begani. Mtu mwembamba, nywele zimeanza mvi, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

"Mama Rita. Wamekutuma uniulize."

"Nakuuliza kwa niaba yangu. Jumapili saa tatu kasoro usiku ulikuwa wapi?"

"Njiani. Nilikuwa na zamu ya usiku."

"Ulifika saa ngapi?"

"Nilichelewa saa moja na dakika hamsini." Alifunika kopo. "Katika miaka saba ni mara ya kwanza."

"Kwa nini?"

"Nilimupeleka mutu."

"Nani?"

"Sikuuliza."

"Mwanamke?"

"Alikaa nyuma. Kajifunika taulo."

"Kwenye kioo hukumwona uso?"

"Kioo nilikigeuza kikatazama juu."

Rita aliacha kuandika. Mtu aliendesha gari usiku, kwenye barafu, kioo chake kikitazama dari.

"Emery. Kanisa lote lilikuwa linasema wewe ndiye uliyemchongea."

"Nasikia."

"Na hukujitetea?"

"Niseme nini? Kwamba nilimubeba? Nilimubeba nani? Sikuuliza." Alichukua kijiko akakipangusa kwa karatasi, upande huu na upande huu. "Mimi nilingoja kambini miaka tisa, Mama. Nikaja kwa mulango, na jina langu kwenye orodha. Sheria naiunga mukono, na kesho nitasema vile Tumba, wakipenda wakichukia. Lakini alikuwa na ndara. Na baridi ilikuwa kumi na moja chini ya sifuri."

"Ulimshusha wapi?"

"Alitaka stesheni. Nikasema stesheni hapana, pale wanasimama. Akataja mahali pengine." Emery alimtazama machoni. "Mimi sisemi uongo kwa anayeniuliza. Polisi wakiuliza nitawaambia. Kwa hiyo na wewe nakuambia: Jakobsberg, mulango wa jikoni wa yule Mukenya wa mandazi. Sasa fanya haraka."

*

Milcah alikuwa na jiko la kupikia sherehe nyuma ya stesheni ya Jakobsberg, na mdomo usiopumzika. Walikuwa wote watu wa Voi, yeye na Rita, na walikuwa wakitaniana tangu shule ya msingi.

"Wewe Rita! Umekuja kunikamata ama kula? Aki umekonda. Huyo mzungu hakulishi? Kaa. Usikae hapo, kaa pale."

"Natafuta mtu."

"Sijaona mtu! Mtu gani? Mimi toka Jumapili sijaona hata mume wangu. Kesho nina oda ya watu mia mbili, Tumba, kwa huo mjadala wao. Wabishane, sisi tupike. Sijaona mtu kabisa."

"Sijasema ni mwanamke au mwanamume."

"Na mimi sijaona wote wawili."

Rita alitembea polepole kando ya meza. Trei tatu za mandazi zilikuwa zinapoa: pembetatu, zenye harufu ya iliki, kama alivyoyapika mama yake Milcah na bibi yake. Trei ya nne ilikuwa na mikate ya mviringo, midogo kama mayai ya bata, isiyo na iliki. Mikate ya Kikongo, ile inayochotwa kwa vidole na kuachiwa kwenye mafuta ya moto.

Alichukua mmoja. Ulikuwa bado wa moto.

"Tangu lini Mtaita wa Voi anapika mviringo?"

Milcah hakukosa hata pumzi moja. "Nimejifunza kwa kompyuta."

"Vidole vyako haviwezi kuachia unga hivi."

"Rita." Sauti ya Milcah ilishuka. Utani ulikuwa umekwisha. "Sijaona mtu. Hata ukinirudisha Voi nikaulizwe pale kituoni kwenu, sijaona mtu. Kuna mchongezi kwenye lile kanisa, na wewe umetoka huko sasa hivi. Kula mkate wako uende."

Nyuma ya mlango wa stoo, kitu kilisogea. Kwa soksi.

Rita angeweza kuufungua. Ulikuwa hatua nne. Lakini mtu aliyeruka kutoka kwenye roshani mara moja, ataruka tena, na nje ya dirisha la stoo palikuwa na reli.

"Basi kesho nitakuja Tumba," alisema kwa sauti ya kusikika stoo, "nisikilize mjadala. Na hakuna mchongezi. Walikuwa walinzi wa kelele."

"Hivyo ndivyo mchongezi angesema," alijibu Milcah.

*

Ukumbi wa Tumba ulijaa mpaka ngazini. Jukwaani walikaa watano, kati yao mwanamke afisa wa polisi aliyevalia sare, na Emery, kifungo chake cha shingoni kimefungwa. Safu ya sita na ya saba zilikuwa za wanawake wa maombi, kumi na wawili, na Madeleine pembeni. Gunvor alikuwa amekuja naye. Walikuwa wamesafiri pamoja kutoka Jordbro, na Madeleine alikuwa amemshikia Gunvor fimbo yake. Rita alisimama nyuma kabisa na mfuko wake wa buti.

Walibishana saa nzima. Emery alisema yale aliyosema atasema: miaka tisa kambini, foleni, orodha, mlango. Wengine walimzomea, wengine walimpigia makofi, yeye akasoma karatasi yake mpaka mwisho. Kijana mmoja Mswidi alisimama akauliza kwa nini yeye hajawahi kuulizwa karatasi kwenye treni hata siku moja. Afisa akajibu kwa upole, na jibu halikumtosha yeyote.

Katikati ya mabishano hayo kahawa ilianza kupita. Milcah alipita upande wa kulia na mandazi. Upande wa kushoto alipita mwanamke mdogo wa umbo, aproni nyeupe, kitambaa kichwani, birika mkono wa kulia, trei ya mikate ya mviringo mkono wa kushoto. Miguuni alivaa ndara na soksi nene.

Rita alishika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake.

Asifiwe alianza jukwaani. Afisa wa polisi alichukua mkate, akauliza mkate huo unaitwaje, akaambiwa, akajaribu kulitamka jina, wakacheka wote wawili. Asifiwe alimmiminia Emery kahawa. Emery alitazama kikombe, kikombe tu, akasema asante. Kisha Asifiwe akashuka safu kwa safu.

Safu ya sita. Wanawake waliokuwa wamelia jina lake siku nne mfululizo waliona mkono wake ukija na birika. Mmoja baada ya mwingine alinyoosha kikombe. Hakuna aliyeita jina. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna kikombe kilichotetemeka. Madeleine alipokea chake, akasema kwa Kiswidi, kama anavyoambiwa mhudumu usiyemjua, "Asante, inatosha." Gunvor alitazama zile soksi. Akazitazama muda mrefu. Kisha akachukua mikate miwili.

Jukwaani mwenyekiti wa mjadala alikuwa ametafuta njia ya kuwatuliza watu. "Tumesema mengi juu ya watu hawa," alisema. "Ngoja niulize jambo rahisi. Nani humu ndani anamfahamu mtu anayeishi bila kibali? Anyanyue mkono."

Watu wakageuka kutazamana. Rita alihesabu, kwa mazoea ya kazi. Wanawake kumi na wawili na mikono kwenye mapaja. Gunvor, mkate mdomoni. Milcah kwenye mlango wa jiko, trei kifuani. Emery mezani, mtu asiyesema uongo: hakuuliza jina, hakutazama uso, mikono yake ilitulia kwenye karatasi. Rita mwenyewe alikuwa ameshika mfuko kwa mikono yote miwili. Na Asifiwe alisimama katikati ya ukumbi, kwenye taa zote, akiwa na birika na trei, hana mkono wa kunyanyua hata angetaka.

Mkono haukunyanyuka hata mmoja.

"Basi hakuna," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka kidogo. Rita hakucheka. Miaka kumi na moja Voi alikuwa ametafuta watu wanaosema. Hakuwahi kusimama ndani ya kimya kikubwa namna ile, kinachobebwa na watu wengi hivyo, bila hata mmoja kupunguza mzigo wake.

*

Jikoni alimkuta ameegemea sinki, birika tupu mkononi. Milcah alitaka kumzuia, Rita akampita, akaweka juu ya meza mfuko na bahasha.

"Soma."

Asifiwe alisoma. Kiswidi chake kilikuwa kizuri, cha redio. Alipofika kwenye lile neno la kelele alirudi mwanzo akasoma tena.

"Walikuwa walinzi?"

"Wa kelele."

"Hakuna aliyenitaja?"

"Nimetafuta siku mbili mtu aliyekutaja. Sijapata hata anayekujua."

Asifiwe alikaa chini, pale pale sakafuni. Kutoka mfuko wa aproni alitoa tiketi iliyokunjwa: basi la Oslo, Ijumaa saa moja asubuhi, kutoka kituo kikuu cha mabasi, mlango kwa mlango na stesheni kuu.

"Kesho," alisema Milcah, mkono mdomoni. "Nilimwambia ngoja. Hakunisikia."

"Na huku ukumbini? Mbele ya askari?" Rita aliuliza.

"Miaka minne wananijadili," alisema Asifiwe. "Miaka miwili sasa, kila saa sita mchana, nawasikia kupitia sakafu. Sikupata kuona nyuso zao. Nikasema kabla sijaondoka nitaziona." Aliichana tiketi vipande viwili, kisha vinne, akavitia kwenye takataka za kahawa. "Ile redio, Mama. Mutu mwenye ile redio. Nilitaka kumujua."

"Safu ya sita, pembeni. Amekula mikate yako miwili. Usimtazame leo. Mtazame Jumatano."

Asifiwe alivaa buti. Alikuwa bado anafunga kamba simu ya Rita ilipolia. Alikuwa mchungaji Évariste, anapiga kutoka kazini, nyumba ya wazee, kwenye mapumziko ya chai.

"Mama Rita. Umemupata?"

Rita alitazama buti namba thelathini na saba zikikanyaga sakafu kwa sauti, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Kitendawili, mchungaji."

"Tega."

"Ukumbi una watu mia mbili, aliyenyanyua mkono hakuna."

"Sijui. Chukua Bukavu."

"Bukavu nilishakwenda."

"Chukua Stockholm, basi."

"Mji sitaki," alisema Rita. "Nipe siku tano."

Ilisikika sauti ya kijiko kikiwekwa kwenye sahani, mbali, upande wa pili wa simu.

"Chukua," alisema mchungaji. "Chukua zote tano, Mama Rita. Mimi sijakuuliza kitu."